Mrejesho: rota yangu imeshuka chini ya kikomo cha Betz

Wakuu, ni mimi niliyeomba msaada hapa kuhusu simulesheni ya kompyuta ya rota ya upepo iliyotoa nguvu kupita kiasi: mapanga matatu, kipenyo mita 2, upepo mita 8 kwa sekunde. Upepo unaopita hapo una wati 985 hivi, programu ikanipa 790. Yaani rota inachukua 0.80 ya nguvu ya upepo, wakati kikomo cha Betz (sehemu kubwa kabisa ambayo rota iliyo kwenye upepo wazi inaweza kuchukua) kinaishia 0.593!

Aliyeniuliza "kuta ziko umbali gani?" ndiye aliyeniokoa. Boksi la hewa linalozunguka rota ndani ya simulesheni lilikuwa mita 4 kwa 4, rota inaziba asilimia 20 ya njia. Hewa haina pa kukwepea, inalazimika kupita kwenye mapanga. Nimelipanua hadi 20 kwa 20, ikashuka hadi 0.56. Kisha nikabana seli (vipande vidogo vya hewa ambavyo programu inavihesabu) zinazogusa panga mpaka y+ (kipimo cha ukaribu wa seli ya kwanza na uso wa panga) ikakaribia 1, msuguano ukahesabiwa sawasawa: 0.47.

Kupunguza hatua ya muda (muda kati ya hesabu moja na inayofuata) hakukubadili kitu, na kompyuta ilikesha siku mbili (sina kinyongo).

Bado kuna tatizo: upepo ukifika mita 12, mizunguko ikiwa ileile, hewa inabanduka mgongoni mwa panga na torki (nguvu ya kuzungusha) haitulii. Hapo sijafanikiwa. Asanteni sana.