Ushauri: shokomzoba zipi zinafaa kwa gari linalokwenda porini na mzigo, kisha siku nyingine likatembea tupu?

Njia Mbovu (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Ninaomba ushauri kabla sijatoa fedha. Nina Land Cruiser ya mfululizo wa 80, ile yenye ekseli nzima mbele na nyuma na springi za koili kote, na shokomzoba zilizomo zimefika mwisho. Ya nyuma kushoto imevuja mpaka vumbi limegandamana na mafuta likawa tope jeusi kwenye bomba lake. Nikipita barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, dakika za mwanzo gari linavumilika, lakini baada ya nusu saa mkia unaanza kutembea upande kana kwamba kuna mtu anausukuma. Matairi ya nyuma nayo yanalika kwa vibonde, na ukipitisha kiganja juu ya kashata unavihisi kimoja kimoja.

Mara chache kwa mwaka hubeba hema la juu ya paa, jokofu, maji na madumu ya dizeli kwa safari ya siku nne au tano. Siku zilizobaki gari ni tupu. Rafiki yangu anasema ninunue shokomzoba ngumu kuliko zote na niinue gari inchi 2. Muuzaji mmoja ananisifia za bomba moja zenye gesi, mwingine anasema za bomba mbili ndizo za porini, na wa tatu anataka nichukue zenye tangi la pembeni. Nimechanganyikiwa. Je, ni kweli kwamba iliyo ngumu zaidi ndiyo imara zaidi?

Fundi wa Chini ya Gari

Mkuu, karibu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalowapotezea watu fedha. Gari linabebwa na springi. Shokomzoba haibebi kitu. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kubanwa, yaani ni breki ya springi. Ndani yake kuna pistoni yenye matundu madogo na valvu, na kila gurudumu linapopanda au kushuka, mafuta hulazimishwa kupita kwenye matundu hayo na nguvu ya mruko hugeuka kuwa joto. Kwa hiyo shokomzoba ngumu kupita springi yake hailifanyi gari kuwa imara. Gari tupu litarukaruka juu ya mawe, tairi litaachana na ardhi, na katika barabara iliyojikunja kama bati utapoteza mshiko ulioutafuta.

Hilo la nusu saa ndilo dalili kubwa katika maelezo yako. Mafuta yamepata moto, yamechanganyika na hewa na kutoa povu, na pistoni inayopita kwenye povu haipati ukinzani wa kutosha. Safari ijayo, ukishatembea katika barabara mbovu kwa muda, simama na usogeze mgongo wa kiganja karibu na kila shokomzoba bila kuigusa, maana inaweza kukuunguza. Zilizo nzima zitakuwa za moto. Utakayoikuta imepoa ndiyo iliyokufa, kwa kuwa haijafanya kazi yoyote.

Kabla sijakutajia aina, niletee vipimo viwili. Kwanza, urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kila upande, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo wako wote wa safari. Pili, uzito wa mzigo wenyewe. Usikisie.

Kokoto Kali

Naunga mkono hoja ya fundi, ila niongeze kuhusu mabomba, kwa sababu wauzaji hulielezea jambo hili kwa namna inayofaa duka lao.

Shokomzoba ya bomba mbili ina bomba la ndani ambamo pistoni hutembea, na bomba la nje linalohifadhi mafuta ya ziada pamoja na gesi ya mgandamizo mdogo. Jiwe likirukia bomba la nje na kulibonyeza kidogo, pistoni mara nyingi huendelea na kazi kwa sababu yenyewe iko ndani zaidi. Udhaifu wake ni kwamba joto hutoka polepole, na gesi ikiwa hukohuko kwenye mafuta, povu halikawii. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huondoa gesi na kuweka mahali pake sponji yenye vijishimo vilivyofungwa, ili kusiwe na hewa huru ya kuchanganyika na mafuta.

Ya bomba moja hutenganisha mafuta na gesi kwa pistoni ya pili inayoelea, na naitrojeni iliyo nyuma yake huwa na mgandamizo mkubwa. Povu huwa gumu kutokea, na kwa kuwa ukuta wa bomba unakutana moja kwa moja na upepo wa nje, joto hutoka haraka. Si jambo geni: kampuni ya Bilstein ilianza kuzitengeneza kwa wingi kwa ajili ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Ubaya wake ni ukuta huohuo. Jiwe moja likiubonyeza pale pistoni inapopita, pistoni hukwama na safari yako imeishia hapo. Mimi binafsi nimewahi kusukuma gari kwa sababu hiyo, kwa hiyo nikubalieni kwamba nina upendeleo wa bomba mbili.

Bi. Usukani

Kokoto Kali, upendeleo wako nimeuona, lakini mkasa huo ulikuwa mmoja. Ngao ndogo ya bati au plastiki ngumu mbele ya shokomzoba hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, na joto ni tatizo la kila siku ilhali jiwe ni la bahati mbaya. Mtoa mada analalamikia joto.

Zile zenye tangi la pembeni zina faida ya kweli, kwani mafuta yanakuwa mengi na sehemu ya gesi inahamishwa nje ya bomba kuu. Lakini zinawafaa wanaokwenda kasi kwa saa nyingi katika barabara mbovu. Kwa mtu wa safari chache kwa mwaka, ni bomba la ziada la kuzuia lisisuguliwe na chesisi, na sili za ziada, yaani mipira ya kuzuia mafuta na gesi visivuje, ambazo siku moja zitataka fundi mwenye mtungi wa naitrojeni. Na kabla hamjalaumu shokomzoba peke yake: huyu mkuu anapita barabara ya bati akiwa na upepo kiasi gani kwenye matairi?

Njia Mbovu (mtoa mada)

Nashukuruni sana. Nimepima jana jioni kwa futikamba, gari likiwa mahali tambarare. Nyuma likiwa tupu ni milimita 560 kushoto na 565 kulia. Nilipopakia kila kitu ilishuka hadi 485 na 492. Mbele ilishuka milimita 8 tu. Mzigo nimeuweka kwenye mizani kipande kwa kipande: hema kilo 62, jokofu likiwa limejaa 38, maji lita 60 ni kilo 60, madumu mawili ya dizeli ya lita 20 ni kilo 42 pamoja na madumu yenyewe, na vyombo, zana na mabegi 95. Jumla ni kilo 297, bila kuhesabu watu.

Bi. Usukani, nakiri kwa aibu: psi 40, mbele na nyuma, siku zote.

Bi. Usukani

Hapo umejijibu nusu ya swali. Ukiingia kwenye barabara ya bati na mzigo huo, shusha upepo hadi karibu psi 28 na upunguze mwendo. Tairi lenyewe litameza mitikisiko midogo ambayo sasa unaitupia shokomzoba yote. Uwe na pampu ya kurudishia upepo kabla hujarudi kwenye lami.

Fundi wa Chini ya Gari

Vipimo vizuri sana. Nyuma inashuka zaidi ya milimita 70 kwa chini ya kilo 300, na hiyo inaniambia kwamba springi zako za nyuma nazo zimechoka au ni laini mno kwa matumizi yako. Ukiweka shokomzoba mpya juu ya springi hizo, nusu ya mwendo wa kubana utakuwa umekwisha hata kabla hujaondoka nyumbani, na kila shimo litamaliza kwenye raba ya kugongea, ile inayozuia ekseli isigonge chesisi. Watu hulaumu shokomzoba mpya wakati mkosaji ni koili.

Ushauri wangu ni huu. Nyuma weka springi za mzigo wa kati. Za mzigo mzito wa kudumu usiziguse, kwa sababu siku ambazo gari ni tupu zitakutesa mgongo na shokomzoba itashindwa kuzituliza katika mwendo wa kufunguka. Ndani ya koili za nyuma weka mifuko ya hewa: ukiwa na mzigo unaijaza kwa kadiri ya maelekezo yake, ukirudi unaipunguza hadi kiwango cha chini. Kisha shokomzoba ziwe za mtengenezaji yuleyule wa springi, au ziwe zimepangwa kwa springi za aina hiyo, kwa sababu nguvu ya kufunguka inapaswa kulingana na nguvu ya koili.

Kuhusu bomba, katika matumizi yako sioni dhambi kuchukua bomba mbili zenye kipenyo kikubwa cha pistoni na mafuta mengi, wala bomba moja zenye ngao. Kama utapata za bomba moja zenye pistoni ya milimita 46 zilizopangwa kwa gari lako, ningechukua hizo nyuma na mbele, kwa sababu ya joto. Zile za kurekebishwa kwa kizungusho ni nzuri kwa mwenye mzigo unaobadilika kama wewe, mradi uwe mtu wa kushuka na kuzigeuza kweli. Wengi huziacha kwenye namba ileile tangu siku ya kufungwa.

Kokoto Kali

Na ile inchi 2 ya rafiki yake? Mbona hakuna aliyeigusa?

Fundi wa Chini ya Gari

Nilikuwa naijia. Kuinua gari hili milimita 50 kunawezekana na kumefanywa na wengi, lakini shokomzoba haiinui gari. Springi ndizo zinazoinua, na shokomzoba hulazimika kuwa na urefu unaofuata. Hapo ndipo watu huangalia urefu ikiwa imefunguka na kusahau urefu ikiwa imebanwa. Toa springi, inua ekseli kwa jeki hadi raba ya kugongea ibanwe kabisa, kisha pima nafasi kati ya kishikio cha juu na cha chini. Urefu wa shokomzoba iliyobanwa uwe mfupi kuliko nafasi hiyo kwa angalau sentimita 2, la sivyo siku ya shimo kubwa shokomzoba yenyewe ndiyo itakayokuwa nyundo. Rudia upande mmoja mmoja, ekseli ikiwa imelala, kwa sababu porini magurudumu hayapandi pamoja. Kisha shusha ekseli na uangalie kwamba bomba la breki halivutwi na koili haitoki kwenye kitako chake.

Kuna mambo mengine matatu yanayokuja na mwinuko huo. Pembe ya kasta ya mbele, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia ukiutazama kwa ubavuni, hupungua na usukani huanza kutangatanga katika mwendo wa kasi, hivyo utahitaji bushi (raba za kwenye maungio) za kusahihisha kasta. Ile fimbo inayoizuia ekseli isiende kushoto wala kulia huivuta ekseli upande kidogo. Na ile valvu ya breki za nyuma inayosoma mzigo kupitia kiungo chake kwenye ekseli itadhani gari ni tupu daima, kwa hiyo irekebishwe. Kama huhitaji urefu huo, springi mpya za kimo cha kawaida zitakurudishia nafasi uliyopoteza, na mambo hayo matatu hutayagusa.

Njia Mbovu (mtoa mada)

Nimeamua: kimo cha kawaida, springi za mzigo wa kati nyuma, mifuko ya hewa, na bomba moja za milimita 46 zenye ngao, zote nne kwa pamoja. Kuna jambo la kuangalia wakati wa kufunga?

Bi. Usukani

Usimruhusu fundi yeyote ashike fimbo inayong'aa kwa koleo, hata kwa sekunde moja wakati wa kukaza nati ya juu. Mchubuko mdogo kuliko unywele utakata sili, na shokomzoba itavuja kabla ya mwezi. Bolti zinazopita kwenye bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza likiwa limening'inia, mpira hukaa umejinyonga muda wote na hupasuka mapema.

Njia Mbovu (mtoa mada)

Ninarudisha majibu baada ya kilomita 600, kati ya hizo kama 200 za vumbi, na mzigo kamili. Mkia umetulia hata baada ya saa nzima ya barabara ya bati, nikiwa na psi 28. Nilisimama na kuzisogelea zote nne kwa kiganja: za nyuma moto zaidi, za mbele moto wa wastani, hakuna iliyopoa. Likiwa na mzigo na mifuko ya hewa imejazwa, nyuma inasoma milimita 550 kila upande.

Nina kero moja tu. Mbele kulia kuna mlio wa ko-ko kwenye vituta vidogo, ingawa kwenye mashimo makubwa hausikiki.

Fundi wa Chini ya Gari

Huo mlio wa vituta vidogo ni raba za juu zilizokaa baada ya safari ya kwanza. Fungua boneti, tazama raba chini ya nati: inapaswa kuvimba hadi ilingane na ukingo wa washa, isipite. Kaza kidogokidogo, na ukishaona imelingana, acha.

Njia Mbovu (mtoa mada)

Nusu mzunguko tu, na mlio umekwisha. Nimekagua na ya kushoto. Nayo ilitaka robo.