Masaka: mbona wazee hawazungumzii vita vya 1979?

Swali: Wadau, mimi ni Mtanzania ninayeishi Masaka, Uganda. Nikigusia vita ile ya Tanzania na Uganda, wazee hubadilisha mada. Nianzie wapi?

Jibu: Amin alivamia Kagera 1978. Jeshi lenu lilipoiteka Masaka Februari 1979, majengo mengi yalilipuliwa kulipiza kisasi. Unategemea wakupokee kwa vigelegele? Salimia kwa Kiganda. Kiswahili hapa bado kinanuka kambi ya jeshi. Pitia kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kisha uliza habari za jengo, "hapa palikuwa na nini?", si nani alimuua nani. Simu ibaki mfukoni: ukianza kurekodi, mzee ananyamaza.

Jibu: Na usichanganye na vita vya Luweero, vya waasi wa Museveni dhidi ya serikali ya Uganda, 1981–86. Hivyo vinakumbukwa rasmi, 9 Juni. Makaburi ya askari wenu wa vita vya 1979 yako Kaboya, Muleba, huko Tanzania.