Bei ya umeme ifuate saa? Na saa za kila nyumba tutazijuaje?

Mleta mada

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nataka tujadili jambo linalogusa kila nyumba yenye mita, Unguja na Pemba. Je, ni haki uniti ya usiku na ya mchana kuwa bei moja? Na kama si haki, saa za matumizi ya kila mteja zijulikane vipi?

Leo anayeendesha mota ya maji saa nane mchana na anayeiendesha saa mbili usiku wanalipa sawasawa. Kwa mtandao, hawa wawili hawalingani hata kidogo. Umeme wa Unguja unakuja kwa nyaya za chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, ule wa 1980 wenye uwezo wa megawati 45 na wa 2013 wenye megawati 100. Uniti za mwezi mzima haziuelemei waya. Unaelemewa na kile tunachovuta sote kwa pamoja baada ya magharibi: taa, TV, feni, pasi za nguo za skuli, na hoteli za Nungwi na Kiwengwa ambazo wageni wake wamesharudi vyumbani. Masaa hayo machache ndiyo yanayotulazimisha kujenga na kukopa.

Njia ya kwanza ya kuzijua saa hizo ni kumfungia kila mteja mita inayorekodi kila nusu saa. Njia ya pili ni kukadiria. Wateja wachache wa kila kundi, nyumba, maduka, ofisi, wanachaguliwa kwa bahati nasibu na kufungiwa mita za kurekodi mwaka mzima. Wastani wao unatoa mchoro wa lodi wa kundi, yaani umeme wanaouvuta unapandaje na kushukaje siku nzima. Mteja mwengine wa kundi hilo hafungiwi kitu. Uniti zake za mwaka zinatandazwa juu ya mchoro ule.

Wenzetu wamefanya. Uingereza ilipofungua soko la umeme wa majumbani 1998 iliwagawa wateja wadogo makundi 8, mawili kati yao ya nyumba, na kuwakadiria kwa vipande 48 kwa siku. Ujerumani ilitoa michoro yake 1999, nyumba mbali, biashara mbali, wakulima mbali, kwa mteja asiyefika uniti 100,000 kwa mwaka. Huko shida ilikuwa kugawa hesabu baina ya wauzaji wengi. Sisi tuna ZECO, shirika letu la umeme, peke yake, kwa hiyo haja yetu ni nyengine: kupanga transfoma na laini, na kupanga bei ya haki.

Msimamo wangu ni huu. Mchoro wa kundi utumike kupanga mtandao na bei ya kundi zima, na kazi ianze sasa. Usitumike kumwambia mtu mmoja kwamba yeye ndiye aliyevuta usiku.

Kwa nini nautaka? Chukueni mtaa wa nyumba 200, kila nyumba kwa mfano inafika kilowati 3 pale mota na pasi zinapowaka pamoja. Fundi akizidisha atapata kilowati 600, na atafunga transfoma kubwa kupita haja. Mota yako na pasi yangu haziwaki dakika moja. Mstari wa nyumba moja una meno meno. Wa nyumba 200 umelainika, na kilele chake kiko chini sana ya 600. Chini kiasi gani? Hilo linapatikana kwa kupima nyumba za hapa, halipatikani katika jedwali la Ulaya.

Maana michoro ya Ulaya imegawiwa kwa baridi na joto, siku za kazi, Jumamosi na Jumapili. Kwetu jua linazama karibu saa ile ile mwaka mzima, lakini mwezi wa Ramadhani unaipindua siku yote. Mchana mikahawa imefungwa. Alasiri kila jiko lina blenda na mlango wa friji haupumziki. Isha na tarawehe, misikiti yote na feni zake zote. Saa kumi za usiku madirisha yana taa kwa daku, saa ambayo mchoro wa kawaida umetulaza sote. Na Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa miladi, inatoka kwenye joto la kaskazi, inaingia vuli, mwisho inafika kwenye kipupwe. Atakayepima Machi ya leo akadhani amepata Machi ya miaka mitano ijayo amejidanganya. Ramadhani lazima iwe msimu wake katika hesabu, pamoja na siku za sikukuu.

Karibuni. Wanaopinga nataka niwasikie zaidi.

Fundi wa Chake

Wa aleikum salaam kaka. Hayo ya waya wa Fumba ni yenu. Sisi Pemba waya wetu unatoka Tanga, wa kilovolti 33, tangu 2010, na kabla ya hapo tulikuwa na majenereta ya dizeli. Hoteli kwetu ni za kuhesabu. Kilele chetu ni nyumba. Ukichanganya rekodi za Mjini Magharibi na za Micheweni ukatoa wastani mmoja, utapata mchoro wa kisiwa kisichokuwepo.

Na huko kulainika unakokusifu kuna siku kunaondoka. Umeme ukikatika masaa kadhaa kisha ukarudi, friji zote zimepoteza ubaridi, matangi yote matupu, feni zote ziliachwa swichi chini. Kila kitu kinavuta kwa pamoja. Nimesimama chini ya nguzo, tumerudisha fyuzi, watoto wanashangiria, na kabla sijafunga begi la vifaa fyuzi imeruka tena. Ikabidi tuwapitie watu mlango kwa mlango wazime mota kwanza. Wastani wa mwaka haukuoneshi dakika ile, na dakika ile ndiyo inayounguza transfoma.

Mkaazi wa Jang'ombe

Mimi sikubaliani na makadirio kabisa. Jirani yangu ana AC tatu. Mimi nina feni mbili na friji ndogo. Sote kwenye daftari ni "nyumba". Mchoro utasema sote tunavuta usiku kwa umbo moja, na bei ya kundi ikipanda kwa ajili ya usiku nami nitapandishiwa. Simu imefika kila kijiji, hiyo mita ya nusu saa ishindwe kwa nini? Kila mtu apimwe, kila mtu alipe chake.

Muuza barafu, Mkokotoni

Mie mita yangu ni ya nyumba, lakini ukumbini pana friza mbili za barafu. Zinagandisha usiku kucha kwa sababu wateja wangu wanakuja alfajiri. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa taa hawatoki, friza moja nazima. Mnaniweka kundi gani, nyumba au duka? Na mwezi wangu mtauweka wapi katika hiyo michoro?

Mleta mada

Ahsanteni. Fundi, la Pemba nimelipokea: michoro iwe miwili, kila kisiwa na wake. Ndugu wa Mkokotoni, watu kama wewe ni wengi kuliko daftari linavyojua, friza, cherehani za umeme, mashine za kukobolea uani. Ndiyo maana sampuli ichaguliwe kwa uniti na kwa mahali, isifuate jina la kundi pekee.

Dada wa Jang'ombe, kwenye haki tuko pamoja. Tena nakuongezea hoja. Makadirio ya wote yakijumlishwa na upotevu wa njiani hayalingani kamwe na kilichopita kituoni. Katika mpango ule wa Uingereza tofauti hiyo ilisahihishwa kwa kuwarekebisha wote waliokadiriwa katika eneo. Maana yake ni kwamba aliyejiunganishia kinyemela mzigo wake unaingia katika hesabu za waaminifu. Hii kwangu ndiyo kasoro kubwa ya makadirio, na ndiyo inayonifanya nisiyatake kwenye malipo ya mtu mmoja mmoja.

Lakini mita ya nusu saa kwa kila nyumba ina gharama ya kununua, kufunga, kuitunza kwenye hewa hii ya chumvi, na kuwa na watu wa kuzisoma rekodi hizo kila siku. Gharama hiyo itarudi kwenye uniti yako wewe mwenye feni mbili. Waingereza walianza na wakubwa: tangu 1994 mteja wa zaidi ya kilowati 100 alikuwa anapimwa kila nusu saa, wadogo wakasubiri. Hoteli zetu kubwa ni chache na lodi yao ni kubwa. Wapimwe wao kwanza, walipe kwa saa. Huko hakuna sababu ya kukadiria.

Bi Makunduchi

Hiyo mita ya kurekodi itajua lini nimelala na lini sipo nyumbani. Nani atakayeshika hizo rekodi? Mimi sitaki kufungiwa bila ya kuulizwa.

Mleta mada

Una haki ya kuulizwa, mama, na rekodi zikae bila ya majina. Ila hapa pana ugumu wa kweli: tukifungia wanaokubali peke yao, tutapata nyumba za aina moja, na mchoro utapinda. Inataka masheha wapite, waeleze, na anayekataa nafasi yake ichukuliwe na nyumba inayofanana na yake.

Mkaazi wa Jang'ombe

Bado hujanijibu la jirani.

Fundi wa Chake

Nijibu mimi. Anzeni na transfoma. Kila transfoma ifungiwe mita moja ya kurekodi, kabla ya kugusa nyumba. Transfoma moja inalisha nyumba kadhaa wa kadhaa, kwa hiyo mita zinazotakiwa ni chache, na hakuna anayejua nani kalala saa ngapi. Ukishajua transfoma imetoa kiasi gani na mita za mtaa zimeuza kiasi gani, tofauti inabaki pale pale mtaani, haisambazwi kisiwa kizima. Na dakika ya umeme kurudi utaiona.

Mleta mada

Hilo nalikubali, na nabadilisha mpangilio wangu: transfoma na hoteli kwanza, sampuli ya nyumba baadaye. La jirani mwenye AC tatu, dada, dawa yake iwe bei inayopanda kadiri uniti za mwezi zinavyozidi. Kwa hilo mita tulizonazo zinatosha. Bei ya saa kwa nyumba isubiri mpaka rekodi za transfoma zifike mwaka mmoja kamili, Ramadhani ikiwemo, na ZURA, mamlaka inayosimamia bei za umeme Zanzibar, iziweke wazi kila mtu azione kabla ya kutoa uamuzi wowote wa bei.

Mkaazi wa Jang'ombe

Zikiwekwa wazi kweli, nitakuwa na wewe. Zikifungiwa ofisini, nitaendelea kudai mita yangu.