Mjadala: Askari wa Kagera anatimiza miaka 75. Je, mtaa upewe jina lake?

Mtaani kwetu Kigogo, Dar es Salaam, yupo mzee ambaye mwezi ujao anatimiza miaka 75. Alipigana Vita vya Kagera, akarudi salama, akaanza na mashine moja ya kusaga, na leo ana duka la vifaa vya ujenzi pamoja na nyumba kadhaa za kupangisha. Baadhi ya wajumbe wa serikali ya mtaa wamependekeza kwamba kila kaya ichangie shilingi 5,000 kwa ajili ya sherehe yake, na kwamba njia inayopita mbele ya duka, ambayo wakati wa zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022 ilipewa jina la mwembe uliokwisha kukatwa, sasa iitwe kwa jina lake. Simtaji, kwa kuwa mwenyewe hajaomba lolote katika hayo. Mkutano wa wakazi ni Jumapili, nami naona ni vyema tukabishana kabla ya siku hiyo kuliko kunung'unika baada yake.

Utumishi wake haubishaniwi na mtu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi yetu iliyo kaskazini ya Mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka, na Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba tutampiga, jeshi la kawaida halikutosha, hivyo mgambo wakachukuliwa kila pembe ya nchi. Mzee wetu alikuwa mmoja wao. Alipita Masaka, akafika Kampala, mji uliotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Mapigano hayasimulii, ukimchokoza sana atakueleza habari za matope, na jinsi soksi zilivyobanduka pamoja na ngozi siku aliyopata nafasi ya kuvua viatu. Hata hiyo tarehe ya kuzaliwa tunayotaka kuisherehekea, kwa maelezo yake, aliandikiwa na karani alipokuwa anaandikishwa mgambo, kwani mama yake alichokumbuka ni kwamba ulikuwa msimu wa kuvuna mpunga.

Wema wake nao tumeuona kwa macho. Desemba 2011, Mto Msimbazi ulipofurika na maji kuingia hadi madirishani kwa waliokaa bondeni, alitoa saruji yote ghalani na kuiweka nje kwenye mvua ili kina mama na watoto wapate pakavu pa kulala. Mifuko ile iliganda ikawa mawe. Michache ipo hadi leo nyuma ya duka, na vijana wa bodaboda huikalia wakisubiri abiria.

Wanaopinga wanasema barabara haipewi jina la mtu aliye hai. Hoja hiyo ni dhaifu, na jiji lenyewe linaikanusha: Mzee Mwinyi aliishi miaka mingi akipita kwenye barabara yenye jina lake, na Sam Nujoma naye alikuwa hai jina lake lilipowekwa pale Mwenge. Wengine wananong'ona kwamba mtaji wake ulitokana na ulanguzi wa sukari na sabuni katika miaka ya uhaba iliyofuata vita, tulipoambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18 na foleni zikadumu kwa miaka. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 ulipita na hakuguswa. Mwenye ushahidi autoe hadharani. Asiye nao aache kumchafua mzee wa watu.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Kituoni, pale daladala zinapogeuzia, kuna mzee muuza kahawa ambaye alikuwa mgambo vilevile na alitembea njia ileile hadi Masaka. Hakuna anayejua ametimiza miaka mingapi, wala hakuna mjumbe aliyewahi kumuuliza. Iwapo tunaenzi vita, mbona tumemkumbuka mmoja tu, naye ni yule mwenye ghala? Na iwapo tunaenzi biashara na ukarimu, tuseme hivyo waziwazi, tusiifanye nishani ya vita kuwa kisingizio.

Mchango nao una kasoro ambayo wajumbe hawakuitafakari. Robo ya kaya za upande wetu, kwa kukadiria kwa macho, ni wapangaji wake. Mjumbe akibisha hodi na daftari mkononi, akiandika nani ametoa na nani hakutoa, mpangaji gani atathubutu kusema hana? Mzee mwenyewe, kwa jinsi ninavyomjua, angeona haya kula pilau ya namna hiyo. Sherehe iandaliwe na familia yake, na mwenye mapenzi apeleke alichonacho. Mimi nitapeleka mchele.

Kuhusu jina, napendekeza njia iitwe Mtaa wa Mashujaa wa Kagera, na chini ya kibao yaorodheshwe majina ya wote waliotoka hapa kwenda vitani, la mzee wetu likiwamo. Najua wapo watakaosema kwamba jina la jumla halimgusi mtu. Wana haki kwa kiasi fulani, kwani hata ile Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 katikati ya mji inawakumbuka askari na wapagazi waliokufa kwa wingi katika Vita Kuu ya Kwanza, ilhali majina yao hayajaandikwa pale, nasi tunaipita kila siku bila kuwaza. Ndiyo maana nasisitiza orodha.

Mnaounga mkono pendekezo la wajumbe, nijibuni hasa juu ya wapangaji na juu ya muuza kahawa. Na yeyote ambaye baba, mjomba au jirani yake wa hapa mtaani alikwenda Kagera alete jina kabla ya Jumapili. Hadi jana jioni nilikuwa nimepata manne. Muuza kahawa ameniongezea mawili, na mmoja wa hao wawili hakurudi.