Mteja akitoa simu kulipa viazi, simu yapokonywa. Nirudi kwa keshi?

Mama Karai, Bondeni

Asalaam aleikum jamaa zangu, na wengine hamjambo.

Nauza viazi karai, bhajia na mishkaki hapa Bondeni, Mombasa, kando ya njia, baada ya alasiri mpaka kama saa nne usiku. Zamani shida yangu ilikuwa mkoba wa kiunoni. Ukijaa noti za hamsini na za mia, wakati wa kufunga natembea huku nageuka nyuma. Nikaweka tili, ile namba ya kulipiwa kwa M-Pesa, nikaibandika kwa karatasi kwenye kabati la vioo, na wallahi roho ilitulia. Mkobani siku hizi mna chenji ya sarafu tu, hata wakivuta hawapati kitu.

Sasa balaa limehamia kwa mteja. Mtu amesimama na sahani, mkono huu mshikaki, mkono huu simu. Taa yangu ni balbu moja, na ile karatasi imeshaingia mafuta, namba hazisomeki vizuri. Basi ainama, aniuliza "hii ya tatu ni tisa au saba?", na simu iko wazi, yamwaka usoni. Hapo ndipo inapopita pikipiki ya watu wawili. Wa nyuma anyosha mkono tu, wamekwenda. Juzi ilikuwa zamu ya msichana mmoja wa chuo. Amekula vya shilingi 80, na simu yenyewe ya mkopo, bado yalipiwa kila siku. Alilia pale mpaka mishkaki yangu ikaungua.

Wateja wameanza kuhamia kwa jirani anayeuzia ndani ya ploti yenye geti. Mume wangu asema ulinzi ni kazi ya polisi, nisijisumbue. Sawa, lakini saa tatu usiku polisi hawako pale, niko mimi.

Swali langu: baada ya Isha nirudi kwa keshi, ama mna njia nyingine?

Fundi wa Mwembe Tayari

Dada, keshi usirudi. Ukirudi, watakurudia wewe.

Mimi natengeneza simu, na za namna hiyo naletewa. Kijana hana boksi, hana risiti, hajui hata picha iliyoko kwenye skrini ni ya nani. Namrudisha. Ile ya mkopo usidhani hawaitaki kwa sababu yajifunga ikikosa malipo. Haitumiki kama simu, lakini kioo chauzika, betri yauzika.

Ila hasara kubwa huwa ni laini. Mwizi aitoa, aitia kwenye kabambe, simu ndogo ya vibonyezo, dakika hiyo hiyo meseji zako zote zaingia kwake. Na watu wetu PIN ya M-Pesa ni mwaka wa kuzaliwa, halafu picha ya kitambulisho wameiweka humo humo ndani ya simu! Waambie wateja wako waweke PIN ya laini, iko kwenye mipangilio upande wa usalama. Mtu akiikosea mara tatu laini yajifunga, yadai PUK, ile namba ndefu ya kuifungulia. Pia wabonyeze *#06#, zile tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, waziandike kwenye karatasi, zikae nyumbani. Ukienda polisi kuandikisha OB, kile kitabu chao cha ripoti, utaulizwa, na simu ndiyo hiyo imekwenda.

Tuktuk wa Likoni

Mimi nampinga fundi. Keshi ni keshi.

Abiria ashuka pale feri, watu wamejaa, kila mtu ana haraka, anionyesha meseji "nimeshatuma". Meseji gani? Imeandikwa na binadamu mwenzangu kutoka namba ya kawaida. Siku hizi simu ya abiria hata siitazami, natazama yangu. Na nikiingiziwa 300 halafu nataka kuzitoa kwa ejenti, nakatwa 29. Tangu 2023 walipopandisha ushuru wa kutuma pesa kutoka asilimia 12 mpaka 15, mimi naona wanaoishi kwa hela ndogo ndogo ndio tunaoumia. Noti ya mia mfukoni mwangu jioni bado ni mia.

Mzee wa Kizingo

Bi Karai, usingoje kamera. Mwaka 2014 serikali ilitia mkataba na Safaricom wa mtandao wa mawasiliano ya polisi, na kamera 1,800 za Nairobi na hapa Mombasa. Nenda barabara kubwa utaziona juu ya milingoti. Kichochoroni kwako je? Na hata ingekuwapo, ingekuonyesha kofia na mgongo wa mtu.

Nenda kwa chifu, na wale wa Nyumba Kumi, majirani wa ulinzi wa mtaa, kama huko kwenu bado wako hai. Huku kwetu walibaki jina.

Kijana wa Majengo

Mzee, chifu atafanya nini saa tatu usiku? Mama, zungumza na bodaboda wa steji ya karibu. Wao wanajua pikipiki ipi ni ya mtaa na ipi imekuja kuwinda, na hao wezi wanawaharibia riziki. Msako wa polisi ukipita vijana tunabebwa sote, mwenye makosa na asiye nayo. Wape viazi vya jioni, watakulindia.

Juisi Mama Ngina

Mwenzangu, mimi yalinikuta haya haya. Kwanza, karatasi tupa. Namba nimechora kwenye ubao kwa rangi ya kung'aa, tarakimu kubwa kama kiganja, taa yaupiga kwa juu. Mtu aisoma akiwa ameketi. Pili, nimegeuza benchi: mteja aegemea ukuta, barabara iko mbele yake, na meza yangu iko katikati. Mwenye pikipiki hafiki. Tatu, alipe kwanza ndipo nimimine. Malipo yasiyozidi 200 tili hainikati kitu, kwa hivyo hata glasi moja ya ukwaju nalipwa kwa simu.

Mama Karai, Bondeni

Ahsanteni nyote. Tuktuk, nimekuelewa, lakini wewe una injini ya kukimbilia. Mimi nina karai la mafuta ya moto.

Benchi nimeligeuza jana. Imebidi kabati la vioo lisogee, na moshi wa mishkaki sasa waniingia mimi machoni, lakini wateja wameketi ukutani na hakuna aliyelalamika. Wa steji nimeshaongea nao. Wamekubali haraka mno, nadhani ni mishkaki waliyoipendea.

Hili la kulipa kwanza ndilo gumu. Juisi ni glasi, bei yajulikana. Viazi mtu aanza na viwili, aongeza chatini, aongeza kimoja, mwisho ndipo asema "nimekula vitano na mishkaki miwili", nami namwamini. Na mtu wa mtaa ukimwambia toa pesa kwanza aona umemdharau mbele za watu. Nitawaambia walipe wakiwa bado wameketi, wasisimame na simu mkononi. Hapo tutaelewana.

Wewe wa juisi, hiyo rangi ya kung'aa wanunua duka gani, na kopo dogo latosha ubao wa futi mbili?