Sauti ya Kihindi ipimwe na nani: mabingwa, kura au kiti kilichogeuzwa?

Kinanda_Tanga
Wakuu, nyumbani kwetu ni ubishi tangu wikiendi. Tunaangalia Indian Idol, lile shindano la kuimba la TV ya India, na mimi na mdogo wangu hatuelewani nani kaimba. Nikagundua hatugombanii washiriki, tunagombania kipimo. India wamejaribu njia tatu.

Ya kwanza ni ya Sa Re Ga Ma ya Zee TV, ilipoanza 1995 na Sonu Nigam akiwa mtangazaji: wanakaa mabingwa wa muziki, wanasikiliza, wanatoa alama. Kwenye toleo moja la watoto jaji alikuwa Kalyanji, mtunzi mkongwe. Akashinda binti anaitwa Shreya Ghoshal, na mzee hakuishia kwenye alama, aliwashawishi wazazi wake wahamie Mumbai. Leo ni mmoja wa waimbaji wakubwa wa filamu za Kihindi.

Ya pili ni kura, Indian Idol tangu 2004. Majaji wanasema weee, lakini anayeamua ni mwenye simu. Ya tatu ni The Voice, iliyoingia India 2015: makocha wamewapa mgongo waimbaji, hawaoni sura wala nguo, wanageuza kiti wakivutwa na sauti.

Mimi niko na mabingwa. Kura ndizo zilizomwondoa Arijit Singh kwenye shindano la Fame Gurukul mwaka 2005. Arijit, nyota mkubwa wa nyimbo za filamu! Nawasilisha.

Remoti_Mkononi
Mkuu, umechagua mfano unaokufaa wewe. Neha Kakkar, mwimbaji maarufu, naye alitolewa Indian Idol msimu wa pili, na 2018 akarudi palepale kukalia kiti cha jaji. Hakuna chekecheo lisilovuja. Kura walau ni za watu wanaonunua hizo nyimbo.

Bi_Kisauni
Wanangu, mwazungumza kura na viti, hapana hata mmoja aliyesema mtu kaimba vipi. Sisi tuliokulia na nyimbo za Juma Bhalo, mahadhi ya Kihindi twayajua kwa sikio. Mimi hungoja mahali pamoja tu: pale mwimbo unapotoka kwenye kibwagizo, wenyewe huita mukhda, ukaingia kwenye beti, ndiyo antara. Mara nyingi hapo mahadhi hupanda. Asiyejua utamwona avuta pumzi katikati ya neno, mishipa ya shingo imemsimama, na akifika juu sauti huwa ukelele. Na hapo ndipo majaji huinuka wakapiga makofi! Ajuaye hupanda kama apandaye ngazi za kwao, hata taa haitaki. Na akiteremka huweka vile vikorombwezo vyao, murki, kimoja kimoja, wala hakimezi kimoja. Kupaza sauti si kuimba.

Fundi_Spika
Shikamoo Bi Kisauni. Naongeza la ufundi. Vipindi vingi vya mashindano haya hurekodiwa kwanza, havirushwi mubashara. Kati ya jukwaa na sebule yako kuna mafundi, kuna mwangwi wa kuongezwa, na muda wa kusafisha sauti upo. Ukitaka kumjua mtu, msikilize kwenye usaili, akiwa na gitaa lake tu au bila ala yoyote.

Na hao mabingwa wa Kinanda: mwaka 2021 Amit Kumar, mtoto wa mwimbaji mkongwe Kishore Kumar, alialikwa Indian Idol kwenye kipindi maalumu cha nyimbo za baba yake. Baadaye akasema hadharani kwamba aliambiwa amsifu kila mtu. Sunidhi Chauhan, aliyewahi kuwa jaji humohumo, akasema na yeye aliwahi kutakiwa asifu. Sasa jaji ana kalamu au ana maelekezo?

Remoti_Mkononi
Fundi umenifurahisha, ila nami wa kura nina aibu yangu: Indian Idol ya 2007. Prashant Tamang, polisi wa Kolkata aliyezaliwa Darjeeling, dhidi ya Amit Paul wa Shillong. Watu wa milima ya Darjeeling walichangishana pesa za kutuma meseji za kura, na Prashant akashinda. Bimal Gurung, aliyekuwa mbele kwenye kampeni hiyo, Oktoba mwaka huohuo akaanzisha chama cha siasa, Gorkha Janmukti Morcha. Chama kizima, kutoka kwenye kuimba! Siwalaumu lakini. Akitokea mtu wa kijijini kwenu, nani atakaa kuhesabu noti?

Kinanda_Tanga
Haya, nashuka ngazi moja. Basi viti? Pawandeep Rajan alishinda The Voice 2015, akarudi Indian Idol akashinda kwa kura tarehe 15 Agosti 2021, Arunita Kanjilal wa pili. Njia mbili, mtu mmoja.

Fundi_Spika
Viti vinageuzwa raundi ya kwanza tu mkuu. Baada ya hapo sura zinaonekana, na mshindi anatoka kwenye kura vilevile.

Bi_Kisauni
Basi nyote mtazameni ukutani msikilize. Hamtaki?

Kinanda_Tanga
Bi mkubwa, umenikumbusha. Kwetu mwenye kiti kilichogeuzwa ni mama. Yuko jikoni anachambua mchicha, Kihindi hajui, TV haioni. Juzi kijana kamaliza kuimba, majaji wote wamesimama, mama kasema kupitia mlangoni: "Huyo kachoka." Tukarudisha nyuma. Kweli, mwisho wa beti sauti imeshuka, makofi ndiyo yaliyoifunika.

Jana nikamtoa jikoni, nikamkalisha sebuleni awe jaji rasmi. Kabla ya wimbo wakaonyesha kwanza maisha ya mshiriki, nyumba ya chumba kimoja, baba mgonjwa, vinanda vya huzuni nyuma. Mama kashika ncha ya khanga, anafuta macho. Kijana akaimba vibaya, nasema vibaya, antara nzima nje ya mahadhi.

Namgeukia mama nisikie hukumu. Ananiuliza: "Kura inapigwaje?"