Mdogo wangu hajazi karatasi za CBT, tatizo ni yeye au karatasi?

Dada_Mkubwa: Habarini wakuu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 16, yuko form three, ana sonona, mpira ameacha anashinda chumbani tu. Tumempata mnasihi, wanafanya CBT (tiba ya mazungumzo ya kukagua mawazo na matendo yako), kila wiki anapewa jedwali: tukio, wazo, hisia, ushahidi. Hajazi. Juzi nimemkuta usiku wa kuamkia miadi anajaza wiki nzima kwa mkupuo, kila kisanduku "kawaida". Hataki kupona au?

Mnasihi_Mtaani: Pole dada, si kwamba hataki. Hayo mambo chanzo chake ni daktari wa akili Aaron Beck, Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960, na wagonjwa wake walikuwa watu wazima. Mtoto ametoka kunakili notisi mchana kutwa halafu unampa jedwali, kwake huo ni mtihani mwingine na anajua kabisa atafeli. Mimi na vijana naanzia miguuni, kichwa baadaye: aende uwanjani akakae tu pembeni dakika 15, asicheze, ajipe maksi 0 hadi 10 za anavyojisikia kabla ya kutoka na akirudi. Wazo anarekodi voice note, kisha namuuliza, "rafiki yako angekutumia hii ungemjibu nini?" Hapo ndo wanafunguka. Ila akianza kuongelea kufa, achaneni na karatasi, hospitali siku hiyohiyo.

Mkenya_Halisi: Huku kwetu kuna shirika la Shamiri, wanaingia shule za upili, saa moja kwa wiki, wiki nne. Wanaoongoza ni vijana waliomaliza shule juzi tu, na mazungumzo ni ya shukrani, maadili yako, na kwamba mtu anaweza kubadilika. Hakuna mtu anaitwa mgonjwa, ndio maana boys wanakaa.

Kibopa77: Tusidharau dawa pia jamani. Utafiti wa Marekani wa 2004, vijana 439: waliopata CBT peke yake walipata nafuu 43%, waliochanganya na fluoxetine (dawa ya sonona) 71%, na hata waliopewa vidonge feki visivyo na dawa walifika 35%. Kama hali ni nzito muulizeni daktari.

Dada_Mkubwa: Asanteni sana. Mnasihi kakubali voice note. Ya kwanza ina sekunde 9, saba ni feni inazunguka halafu anasema "leo nimetoka, nne, nimerudi, tano." Mama anataka kusikiliza, nimemnyima simu.

Mnasihi_Mtaani: Safi, na usimsikilizishe. Akijua zinasikilizwa sebuleni atarudi kwenye "kawaida".